Mlinzi wa Maziwa

Asubuhi ya kwanza nilipomkuta baba akilinda maziwa, nilicheka kwa furaha. Naanza na hilo kwa makusudi, maana mengi yanayofuata hayanipi sifa yoyote.

Baba alihamia kwangu Mbeya baada ya arobaini ya mama. Maisha yake yote ya utu uzima alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa Iringa mjini, katika duka aliloachiwa na baba yake, ambaye naye alipanda huku juu kutoka pwani akiwa kijana. Kaka yangu alilichukua duka. Mimi nikamchukua baba. Nilikuwa nimeachika, sina mtoto, napanga vyumba vitatu vya uani huko mtaa wa Soweto. Tulipokaa kikao cha familia, kila mtu aliona ni mimi mwenye nafasi. Hata mimi niliona hivyo, na nilijisikia vizuri kuonekana mtoto mwema.

Alikuja na begi moja, koti lake zito la kijivu, na yadi ya mbao aliyokuwa akipimia vitambaa. Nilimuuliza ya nini. Akasema, "Siwezi kwenda mahali mikono mitupu."

Kumbukumbu zake zilikuwa zimeanza kumtoroka, lakini polepole. Aliuliza jambo moja mara mbili. Alisahau kama amekula. Sala hakusahau, na adabu hakusahau. Mimi nina jina la mama yake, kwa hiyo tangu nizaliwe hakuwahi kuniita kwa jina, aliniita "mama." Wageni walikuwa wakishangaa kusikia mzee wa miaka ile akimwita mtu wa umri wangu mama, na mimi nilikuwa nikipenda wanavyoshangaa.

Maziwa tulikuwa tukiletewa na mwanamke mmoja wa Kisafwa kutoka milimani, juu ya mji. Alikuwa na ng'ombe wake wawili. Alishuka kwa miguu kabla jua halijachomoza, amevaa mabuti ya mvua na vitenge viwili, dumu kichwani, akapita nyumba hadi nyumba. Kwa kuwa Juni na Julai watu wa Mbeya hawatoki kitandani mapema bila sababu, wateja wake tulikuwa tunamwachia vyombo mlangoni. Mimi nilikuwa naweka sufuria ndogo na mfuniko wake kwenye ngazi ya jikoni. Yeye anapima, anamimina, anafunika, anaendelea na safari.

Kabla baba hajaja, nilikuwa nimeshakosa maziwa mara nyingi sana kwa sababu ya kunguru. Wa huku kwetu ni wakubwa, wana weupe shingoni, na wana akili ya kukera. Mmoja alisimama kwenye ukuta akaangalia. Mwingine alishuka, akauingiza mdomo chini ya mfuniko, akausukuma mpaka ukaanguka kwenye saruji kwa kelele. Kelele hiyo ndiyo iliyokuwa ikiniamsha. Nikitoka nakuta maziwa yamemwagika nusu, na yaliyobaki yana unyoya. Nilijaribu jiwe juu ya mfuniko. Mwenye maziwa akawa analisahau, au analiweka pembeni. Nilijaribu kufunga kitambaa, wakakivuta.

Wiki ya pili tangu baba afike, niliamka nikasikia sauti yake nje. "Shuu! Ondoka! Duka halijafunguliwa!" Nikachungulia. Alikuwa amekaa kwenye kigoda pembeni ya ngazi, koti juu ya msuli, kofia kichwani, yadi yake mkononi kama askari. Kunguru wanne walikuwa ukutani wanamtazama. Sufuria ilikuwa pale miguuni kwake, imefunikwa, imejaa.

"Baba, baridi hii!"

"Nimeshasali. Nilale tena nifanye nini?" akasema. "Hawa wezi nawajua. Iringa walikuwepo hawahawa."

Ndipo nilipocheka. Nikamletea blanketi, nikamfunika miguu, nikaenda kuchemsha chai kwa maziwa yasiyo na unyoya.

Ikawa kazi yake. Kila siku, mara tu baada ya sala ya alfajiri, anatoka na kigoda. Mwenye maziwa akimkuta pale, wanasalimiana kwa mzaha wao. Baba anamsalimia Kihehe, "Kamwene!" Yeye anamjibu kwa lugha yake, "Mwagona, babu!" Kisha wote wawili wanarudi kwenye Kiswahili, wanaanza habari za ng'ombe. Baba hajafuga hata kuku, lakini alimuuliza maswali ya maana: ng'ombe anajuaje ndama wake gizani, majani ya kiangazi unayapata wapi, ukiumwa nani anakamua. Na mama yule, ambaye kwangu mimi hakuwahi kusema zaidi ya "dada, kesho nitachelewa," alikuwa anatua dumu kabisa, anajibu moja baada ya jingine. Mara nyingine aliuliza yeye. "Babu, hiki kitenge changu ni cha wapi?" Baba anakishika kwenye pindo, anakisugua kwa vidole viwili, anamwambia. Vidole vyake havikuwa vimesahau kitu.

Kwa miezi miwili hatukupoteza maziwa hata tone.

Halafu hali yake ikashuka kidogo. Alianza kuwahutubia kunguru kwa sauti kubwa, kama wateja wasumbufu. "Wewe hukulipa deni! Wewe rudisha nguo, umeshaivaa!" Alianza kusimama na kuwakimbiza mpaka getini. Wapangaji wenzangu wa upande wa mbele walikuwa wakitoka kwenda kazini wanasimama kutazama. Walicheka bila ubaya, nafikiri. Mimi nilikuwa ndani nimeshika kikombe, nasikia kile kicheko, na uso unanichoma.

Asubuhi moja msuli ukamvuka. Alikuwa katikati ya ua, yadi juu, anapiga kelele, msuli ukaanguka miguuni, akabaki na ile suruali ya ndani ndefu ya sufu aliyokuwa anavaa kwa ajili ya baridi. Hakujua. Aliendelea kuwafukuza kunguru huku akijikwaa kwenye msuli wake mwenyewe. Dada mmoja wa saluni, mpangaji wa chumba cha mbele, alikuwa na simu mkononi. Akamrekodi.

Sikujua kuhusu hiyo video mpaka siku ya pili, ofisini.

Nafanya kazi kwenye kampuni ya kusafirisha mizigo. Mkubwa wetu wa tawi wakati ule alikuwa Mnyakyusa mmoja wa makamo, mtu mchangamfu, anayekunywa chai ya saa nne pamoja na sisi wote. Alikuwa akiniheshimu sana. Alikuwa ameanza kusema kwamba akihamishwa atanipendekeza mimi. Siku hiyo, kwenye chai, alikuwa anacheka peke yake na simu yake, kisha akaigeuza kwangu.

"Dada, hebu ona hii. Imenifikia kwenye grupu. Hili geti la bluu si la kwako? Nilikushusha pale siku ile ya mvua."

Nikaangalia. Baba yangu alikuwa mdogo sana ndani ya simu. Mtu alikuwa ameongeza muziki. Mezani tulikuwa watu sita, na wote walisogea kuona, na wote wakacheka, hata mimi nikasikia mdomo wangu unacheka.

"Huyu mzee ni nani?" mkubwa akauliza.

"Mlinzi," nikasema.

Lilitoka lenyewe, haraka, kama mtu anayeondoa mkono kwenye moto. Ningeweza kuishia hapo. Lakini niliona wananitazama, nikaongeza: "Mlinzi wetu pale nyumbani. Mzee hana kwao, tumemchukua tu kwa huruma."

"Mmefanya vizuri," mkubwa akasema. "Wazee kama hawa wanahitaji watu kama nyinyi." Akaifunga simu, tukarudi kwenye maandazi.

Hana kwao. Nimelirudia neno hilo kichwani mara nyingi kuliko neno lolote nililowahi kusema.

Jioni ile nilimkalia kooni yule dada wa saluni mpaka akaifuta video na kuomba radhi, akalia hata. Nilimwambia, "Yule ni baba yangu mzazi! Huna haya?" Nilipiga kelele kiasi kwamba ua mzima ulisikia. Walioniona siku ile walidhani nampenda baba yangu kuliko watu wote duniani. Nami nilipaza sauti nikijua nilichokuwa nimesema saa nne.

Ungetegemea kwamba baada ya hapo ningekuwa mpole kwake. Haikuwa hivyo. Mtu niliyemkana sikuweza kumwangalia usoni, na kwa kuwa sikuweza kumwangalia, nikatafuta namna ya kumwondoa mahali pa kuonekana.

Nafasi ikapatikana wiki hiyo hiyo. Ofisi ilinituma Mafinga kufuatilia makaratasi ya mzigo wa mbao. Kazi ilipokwisha, nikaenda kwa seremala mmoja karibu na viwanda vya kupasulia mbao, nikamwambia nataka sanduku la msonobari, upana wa sufuria mbili, mfuniko wenye bawaba na komeo.

"La kuwekea nini, mama?"

"Maziwa. Kunguru wananisumbua."

Akacheka. "Kunguru wa Mbeya wamekuwa matajiri, wanajengewa na masanduku." Lakini alilitengeneza vizuri sana, kila kona imekaa, na nikarudi nalo jioni nyuma ya gari la ofisi.

Nililiweka kwenye ngazi. Nikamwita baba, nikamwonyesha jinsi ya kufungua na kufunga. Nilizungumza kwa furaha ya uongo, kama mtu anayetoa zawadi. "Umeona, baba? Sasa huna haja ya kutoka kwenye baridi. Mama wa maziwa ataweka humu, atafunga, basi. Kunguru hawawezi."

Alilizunguka. Akapitisha mkono juu ya mbao, akasema imepigwa randa vizuri. Kisha akaniuliza, kwa utulivu kabisa, "Sasa mimi nifanye nini?"

"Upumzike, baba. Umefanya kazi sana."

"Haya," akasema. Akachukua kigoda akakiingiza ndani mwenyewe.

Asubuhi iliyofuata nikasikia kitasa kinazungushwa. Nilikuwa nimetegemea hilo. Nilikuwa nimefunga mlango wa jikoni kwa ufunguo, na ufunguo nimelala nao.

"Mama," akaita. "Mlango umekwama."

"Ni baridi, baba. Mbao zimevimba. Rudi ulale."

Akarudi. Kesho yake kitasa kikazunguka tena, na sauti ile ile. "Mama, mlango umekwama." Nikamjibu vilevile. Hakukumbuka kwamba tumeshasemezana, au alikumbuka akanipa nafasi ya kujibu tofauti, sijui. Nilimfungia baba yangu ndani namna hiyo kwa karibu mwezi mzima, kila alfajiri, kisha ikifika saa moja nafungua kana kwamba mlango umelainika wenyewe.

Maziwa yalikuwa salama. Wiki ya kwanza yalinuka msonobari, chai ikawa na ladha ya dawa, baba akawa anainusa na kuiweka chini. "Hii chai imetoka kwa seremala," alisema. Baadaye harufu ikaisha, lakini hakurudi kuinywa kama zamani.

Mwenye maziwa alivumilia siku chache, kisha akanisubiri. Nilitoka saa kumi na mbili na nusu nikamkuta amesimama pembeni ya sanduku, dumu liko chini.

"Dada, babu anaumwa?"

"Hapana. Amelala. Baridi."

"Nimesikia anaita pale mlangoni."

Akaangalia mabuti yake, kisha akasema, "Mimi si mtu wa kukufundisha. Ila mwache babu atoke. Kule juu naamka peke yangu, nakamua peke yangu, nashuka peke yangu. Mtu wa kwanza kuongea naye ni yeye. Nikimkosa, nafika mpaka stendi sijafungua mdomo."

"Nitaona," nikamwambia, kwa ile sauti yangu ya ofisini. Akajitwisha dumu lake akaenda. Nilikasirika naye siku nzima.

Mwezi ule ukaisha na mafua makali yaliyonilaza. Nikaomba ruhusa kazini siku tatu. Jumamosi mchana nilikuwa nimepata nafuu, niko jikoni nakoroga uji, baba yuko nje kwenye benchi la ukutani anaota jua na koti lake, yadi imelala mapajani. Nikasikia gari, kisha geti, kisha sauti ya mkubwa wangu wa kazi.

"Aa, mlinzi! Habari za kazi?"

Dirisha la jikoni liko juu kabisa ya lile benchi. Nilisikia kila neno. Mwiko ulisimama ndani ya uji.

Baba aliinuka na yadi yake. Kisha nikamsikia akijibu, "Nzuri. Karibu."

"Mama yupo?"

"Yupo. Subiri nimwarifu."

Nilikuwa na muda. Kutoka benchi mpaka mlangoni ni hatua labda kumi za mzee. Ningetoka, ningesema, "Bosi, karibu, huyu ni baba yangu." Maneno matano, sita. Nikasimama pale pale. Baba akafika mlangoni, mlango ulikuwa wazi, na yeye ambaye aliingia na kutoka mle ndani kila siku akagonga kwenye fremu kwa yadi yake.

"Hodi. Mama, una mgeni."

Hakuvuka kizingiti. Alisimama upande, mgongo umenyooka, akampisha mkubwa wangu apite.

Nimejiuliza sana alielewa nini. Alikuwa akiniita mama miaka yote. Hakukuwa na kitu kipya katika neno hilo. Labda alisikia "mlinzi" akakumbuka kunguru na maziwa, akaona ndiyo kazi yake, mgeni hajakosea. Labda. Lakini mimi namjua baba yangu alivyokuwa dukani: mteja akimdharau mfanyakazi wake mbele yake, anajua sekunde hiyo hiyo nini kimesemwa na kwa nini.

Mkubwa wangu alikaa karibu saa nzima. Aliniletea salamu za wenzangu na mfuko wa parachichi kutoka kwao. Nikapika chai. Nje jua lilikuwa limeingia mawinguni, na Mbeya jua likiingia mawinguni baridi haisubiri. Ni yeye, mgeni, aliyekumbuka.

"Mpelekee na yule mzee chai, dada. Nje kumekuwa baridi."

Baba alikuwa na kikombe chake, cha udongo, cheupe chenye mstari wa dhahabu, kilichobaki katika seti ya harusi yao na mama. Mkono wangu ulikwenda kukichukua, kisha ukakiacha. Mlinzi hanywi chai kwenye kikombe kama kile. Nikachukua kikombe cha plastiki, kile cha kuogea, nikakisuuza, nikammiminia humo. Nilifanya hivyo kwa akili timamu, nikifikiria kila hatua.

Nikatoka nikampa. Akakipokea kwa mikono miwili.

"Ahsante, mama," akasema, bila kunitazama.

Wakati wa kuondoka, mkubwa wangu alisimama kwake, akatoa parachichi mbili mfukoni mwa koti, akamwekea mkononi. "Haya mzee wangu, linda vizuri hapa." Baba akashukuru. Alimfungulia geti, akalifunga nyuma ya gari, akarudi taratibu mpaka nilipokuwa nimesimama.

"Mtu mwema," akasema. "Ni mkubwa wako?"

"Ndiyo, baba."

Akanipa parachichi zote mbili. "Nimesema vizuri?"

Siku hizo alikuwa anauliza hivyo mara nyingi, kwa mambo madogo, akihofia amekosea. Huenda haikuwa zaidi ya hapo. Nikajibu, "Ndiyo, baba, umesema vizuri," nikaingia chooni, nikafungua bomba, nikalia nikiwa nimejifunika mdomo na taulo.

Jumatatu nilikwenda kazini mapema nikamsubiri mkubwa wangu mlangoni kwake. Sikuwa nimepanga maneno. Nilimwambia yule si mlinzi. Ni baba yangu. Nilikuona ukiicheka ile video, nikaona haya, nikasema uongo, na Jumamosi nikaurudia kwa kukaa kimya.

Nilitegemea aseme pole. Niseme kweli, nilikuwa nimeshajiandaa kupokea pole. Yeye alijishika paji la uso.

"Nimempa mzee wa watu amri nyumbani kwake," akasema hatimaye. "Nimekunywa chai ndani, yeye nje. Umenifanya nimkosee baba yako, na hukuniambia nikiwa pale. Ulikuwa unaniangalia tu."

"Nisamehe."

"Mimi unaniomba msamaha wa nini?" Alikuwa amekasirika kweli, sijawahi kumwona vile. "Toka kwanza, dada. Nitakuita."

Hakuniita siku ile wala kesho yake. Jumamosi iliyofuata alikuja bila kuniarifu, na mke wake, wamevaa nguo za kwendea kanisani, na jogoo hai mkononi. Baba alikuwa sebuleni. Yule mtu mzima akainama mpaka chini. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Karibuni, karibuni."

"Baba, siku ile nilikuita mlinzi. Nimekuja kuomba radhi. Sikujua."

Baba akamtazama kwa upole, kama anayemtafuta kwenye daftari la wateja. Sidhani kama alimkumbuka. "Hukukosea, mwanangu," akasema. "Nilikuwa mlinzi. Nilikuwa nalinda maziwa hapo nje. Halafu nikaachishwa."

Mke wa mkubwa akanitazama mara moja, akaangalia pembeni. Kisha akaanza kumuuliza baba habari za Iringa, na mazungumzo yakaendelea bila mimi. Nilikuwa jikoni nammiminia baba chai kwenye kikombe chake cheupe, nikaendelea kumimina hadi ikafurika kwenye sahani.

Kesho yake alfajiri niliacha mlango wazi. Nilikuwa nimeondoa lile sanduku, nimelipeleka stoo, na sufuria nimeiweka kwenye ngazi kama zamani, kigoda pembeni. Nikalala macho nikisubiri kusikia hatua zake. Nilimsikia akisali. Kisha kitanda kikalia. Alikuwa amerudi kulala.

Nilikwenda chumbani kwake. "Baba, mlango uko wazi leo. Kunguru wapo."

"Sanduku lipo," akasema, amegeukia ukutani.

"Nimeliondoa."

"Haya."

Hakutoka. Asubuhi tatu, nne nilimbembeleza. Siku moja nilimvisha koti nikamshika mkono mpaka kwenye kigoda. Akakaa. Mwenye maziwa alipofika akaita kwa furaha, "Mwagona, babu! Ulikuwa wapi?" Baba akamwangalia, akasema kwa adabu, "Nzuri, karibu," kama anavyosalimiwa mtu usiyemjua. Yule mama akanitazama mimi. Akapima maziwa, akamimina, akafunika. Kabla hajaondoka akavua kitenge kimoja cha juu akamfunika nacho baba magoti, akasema atakichukua siku nyingine. Hakukichukua.

Msimu wa baridi ulipokwisha, kaka alikuja kumchukua. Alisema Iringa angalau kuna watu dukani wa kumsalimia. Sikubisha. Niliona haya kwamba nafsi yangu ilipumua. Kazini sikupendekezwa, na sikuuliza kwa nini. Mkubwa wangu alihamishwa, tukaagana kwa mkono.

Baba aliishi Iringa muda usiozidi mwaka. Nilikwenda kumwona mara tatu, na mara ya mwisho alinisalimia kwa heshima kama mgeni wa duka, akaniuliza nahitaji kitambaa gani. Nilikuwa nimejiandaa kumwomba radhi safari hiyo. Nilikuwa nimeshika hata maneno ya kuanzia. Nikamwambia nahitaji mita mbili za rangi ya bahari. Akasema hiyo imeisha, nirudi wiki ijayo.

Alizikwa mchana, watu wengi, mji mzima wa zamani. Upande wa wanawake nilikaa kwenye mkeka katikati ya majirani na mashangazi. Mama mmoja wa makamo, aliyekuwa mteja wa baba tangu ujana wake, alinishika mikono yote miwili mbele ya watu.

"Wewe ndiye uliyemtunza kule Mbeya," akasema. "Kaka yako ametueleza. Ulimpokea mzee ukiwa peke yako, hukuchoka. Watoto kama wewe wamebaki wachache. Mwenyezi Mungu akulipe."

Wanawake wote waliokuwa karibu wakageuka kunitazama kwa macho ya huruma na sifa. Palikuwa na ukimya wa kutosha kusema chochote nilichotaka kusema.

"Amina," nikasema.